Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Jumapili moja jirani yangu aliniita kwake baada ya chakula cha mchana. Nilipobisha hodi nilikuta sebule imejaa watu: wazee wa kofia, vijana wa chuo, akina mama watatu wamekaa mkekani karibu na mlango, na mezani daftari jekundu na kalamu. Nikajua mara moja ni mchango. Katika mji huu, ukiona daftari na kalamu Jumapili, shika mfuko wako.

Jirani yangu ni mzaliwa wa Nanighi. Kwa wasiopajua, Nanighi ni kando ya Mto Tana, ukiteremka na maji kutoka mjini Garissa. Wadi yenyewe ni ya eneobunge la Fafi, kaunti ya Garissa. Ng'ambo ya pili ni kaunti ya Tana River, na ukizidi kufuata mto utapita Bura na Hola kabla ya kufika Garsen. Ni nchi ya jua kali, vumbi na miti ya mathenge, na watu wake ni wafugaji na wakulima wanaoishi kwa kuusikiliza mto: ukikauka ni taabu, ukifura ni taabu zaidi.

Jambo lililoletwa pale lilikuwa jema. Watu wa huko walioko mjini walitaka kuinunulia shule moja ya upili ya nyumbani kompyuta 20. Mzee mmoja alieleza kwa ufasaha jinsi ulimwengu ulivyosonga mbele, jinsi watoto wa mjini wanavyofungua mitambo hii wakiwa bado wananyonya vidole, na jinsi watoto wa mto wanavyoachwa nyuma. Watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja anayeuza chai Eastleigh akaahidi shilingi 3,000. Niliiona mikono yake, nikajua hizo ni siku ngapi za kuamka alfajiri.

Ndipo binti wa jirani yangu, anayesoma chuo kikuu, aliyekuwa akipitisha vikombe vya chai, akauliza kwa sauti ya upole: "Baba, zile kumi za kwanza zinafanya kazi gani?"

Chumba kikanyamaza. Kumbe miaka kadhaa nyuma watu hao hao walikuwa wamechanga na kupeleka kompyuta kumi. Kila mmoja alikumbuka siku ya kuzikabidhi: ngoma, picha, hotuba, mbuzi aliyechinjwa. Hakuna aliyejua kilichotokea siku ya pili yake.

Msomaji, swali la binti yule ndilo lililonifikisha Nanighi. Iliamuliwa kwamba kabla daftari halijafungwa, jirani yangu aende akaone kwa macho yake, nami nimsindikize, maadamu kazi yangu ni kuandika. Shule tuliyoizuru sitaitaja, na usihangaike kuitafuta. Kutoka Garissa hadi Garsen ziko nyingi za namna yake, na huenda hata ile ya nyumbani kwenu ni mojawapo.

Tulipofika, mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa miaka ya hamsini, mpole, shati lake limepigwa pasi ingawa sikuona nguzo ya stima karibu na nyumba yake. Tulipoomba kuona chumba cha kompyuta alitabasamu, kisha akasema ufunguo uko kwa naibu wake, na naibu yuko Garissa kwa shughuli za shule. Tukaketi chini ya mti tukisubiri.

Wakati wa kusubiri, wasichana wawili wa kidato cha tatu walikuja kutuamkia. Jirani yangu akawauliza, "Wanangu, nyinyi kompyuta mnasomea siku gani?"

Mmoja akamtazama mwenzake, kisha akajibu bila hila yoyote: "Ile, mzee? Ile ni ya wageni."

Naibu alirudi alasiri na kufuli ikafunguliwa. Ndani kulikuwa safi kuliko nilivyotarajia. Kompyuta kumi zilikuwa zimepangwa juu ya meza, kila moja imefunikwa leso, kama maiti wanaosubiri jamaa zao. Tukaziwasha moja baada ya nyingine kwa umeme wa sola. Nne ziliamka. Mbili zilitoa mlio na kuzima. Nne nyingine hazikutoa hata pumzi. Naibu alieleza kwamba chumba hufunguliwa saa mbili tu kwa wiki, kwa kidato cha nne, tena iwapo betri zina nguvu.

Ni rahisi hapa mtu kukasirika na kuanza kulaumu. Nami nilikuwa karibu kufanya hivyo, mpaka mwalimu mkuu alipotutolea kitabu cha mali ya shule. Kila kompyuta ilikuwa imeandikwa humo kwa nambari yake. Akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo:

"Mkaguzi anapokuja, anahesabu. Zikiwa kumi, anatia sahihi na kuondoka. Zikiwa tisa, nitaandikiwa barua na huenda nikalipa kutoka mshahara wangu. Katika miaka yangu yote ya kazi, hajatokea mtu wa kuniuliza zimetumiwa saa ngapi. Wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Nilinyamaza, kwa sababu nilijua ningefanya nini. Ningefunga mlango.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lenyewe. Sisi tunaotoa, na wale wanaokagua, tunahesabu mashine. Mashine hukaa salama zaidi ikiwa haiguswi. Basi mwalimu mwenye akili timamu huifungia, na hakuna wa kumlaumu kwa kuifungia. Lakini mashine si mbuzi wa kuhesabiwa jioni anaporudi zizini. Kipimo chake ni saa: mtoto mmoja ameketi mbele yake kwa muda gani, na ameondoka na nini kichwani.

Hebu tupige hesabu pamoja, na wanafunzi mnaosoma ukurasa huu chukueni kalamu. Chukua shule ya wanafunzi 320. Kompyuta zinazofanya kazi ni nne, na chumba hufunguliwa saa mbili kwa wiki. Nne mara mbili ni saa nane za mashine, yaani dakika 480. Ukizigawa kwa wanafunzi wote, kila mmoja anapata dakika moja na nusu kwa wiki. Hata kuandika jina la baba yake hazitoshi.

Sasa tulete zile 20 za mchango, bila kubadilisha jambo jingine. Zitakuwa 24, mara saa mbili, ni saa 48. Kila mwanafunzi atapata dakika tisa. Tumetumia fedha nyingi, tumechinja mbuzi wa pili, na mtoto amepata dakika tisa.

Lakini tuseme hatununui hata moja. Tunatengeneza zile sita zilizokufa, na mlango unafunguliwa saa nne kila siku ya masomo: mbili wakati wa vipindi, moja mchana na moja jioni. Kumi mara 20 ni saa 200. Kila mwanafunzi atapata dakika 37 na nusu kwa wiki, na wakiketi wawili wawili kila mmoja atakaa mbele ya mashine dakika 75. Naam, saa moja na robo. Ufunguo umefanya kazi ambayo kompyuta 20 hazikuweza.

Nilipomwonyesha jirani yangu hesabu hiyo chini ya mti, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunakwenda kununua leso 20."

Usidhani, msomaji, kwamba kosa hili ni la watu wa mto peke yao. Taifa zima limelifanya, na mataifa makubwa pia. Kuanzia mwaka wa 2010 serikali yetu, katika mpango wa kuchochea uchumi, ilichagua shule tano za upili katika kila mojawapo ya maeneobunge 210 ya wakati ule, jumla 1,050, ili zipewe kompyuta. Mwaka wa 2013 ikaja ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya mivutano ya zabuni mitambo ilianza kusambazwa mwaka wa 2016, ikiwa tableti, na ikapita milioni moja. Taarifa tulizosikia miaka hiyo yote zilikuwa za namna moja: ngapi zimefika, ngapi zimebaki. Mzazi aliyetaka kujua mtoto wake ameishika mara ngapi alilazimika kumuuliza mtoto mwenyewe.

Kule Peru, Amerika Kusini, serikali ilisambaza vipakatalishi vidogo katika shule za vijijini. Matokeo ya uchunguzi yaliyotolewa mwaka wa 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika yalionyesha kwamba watoto walipata kompyuta nyingi kweli, lakini hawakuongeza lolote la kupimika katika hesabu wala katika lugha.

Na hapa kwetu kuna kisa cha zamani zaidi ambacho wanafunzi wa ualimu hawana budi kukijua. Katika miaka ya tisini, wilaya za Busia na Teso, watafiti walichukua shule za msingi 178. Nusu yao zilipewa chati kubwa za ukutani za sayansi, hesabu, afya na ramani. Nusu hazikupewa. Miongoni mwa watafiti hao alikuwa Michael Kremer, aliyepata baadaye tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019. Kabla ya hapo, mtu akilinganisha tu shule zenye chati na zisizo nazo, alikuta zenye chati zinafanya vizuri zaidi, na alishawishika kusema chati ni dawa. Lakini shule zilipogawanywa kwa namna ya bahati nasibu na kupimwa baada ya miaka miwili, tofauti haikuonekana. Ile nafuu ya mwanzo haikuwa ya chati. Shule yenye uwezo wa kununua chati huwa pia na walimu, madawati na wazazi wa kuiuliza maswali.

Funzo lake ni zito. Ukitaka kujua kama kifaa kimesaidia, usitazame shule iliyo nacho na kuisifu. Uliza mambo yalikuwaje kabla, na yakoje sasa.

Je, basi tuseme watoto wa Nanighi wasipelekewe mitambo, wabaki na chaki? La hasha. Kama kuna mahali nchini ambapo mitambo hii ingeweza kuokoa mtoto, ni kule.

Nitakupa sababu. Januari 13, 2020, majangili wa Al-Shabaab walishambulia Kamuthe, katika eneo hilo hilo la Fafi. Waliwaua walimu watatu wa shule ya msingi, na wakaharibu mlingoti wa mawasiliano. Baada ya hapo, Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Sitawalaumu walimu waliokwenda zao, kwani nao wana mama waliowazaa. Lakini fikiria mtoto wa kidato cha tatu aliyeamka Jumatatu akakuta hakuna mwalimu wa fizikia, wala wa kemia, na mtihani wa taifa haumsubiri.

Mtoto huyo angefaidika kweli na somo la fizikia lililohifadhiwa katika mashine, akalisikiliza mara tatu mpaka likaingia. Kwake kompyuta ingeziba pengo la mwalimu, walau nusu, mpaka mwalimu apatikane. Na tazama: siku hiyo hiyo mlingoti uliharibiwa. Basi mtambo wowote unaotegemea intaneti kila dakika ungekufa pamoja na mlingoti huo. Kwa shule ya namna hii, masomo lazima yawe yamewekwa ndani ya mashine yenyewe. Programu za kazi hiyo zipo, tena za bure: Kolibri huhifadhi masomo na mazoezi, na Kiwix huhifadhi kamusi elezo nzima ya Wikipedia, vyote bila mtandao. Mtu hupakua mjini penye intaneti nzuri, akabeba kwenye diski, akamimina kule.

Hili si jambo la kubahatisha. Kenya nzima ilimshangilia Peter Tabichi, mwalimu wa hesabu na fizikia wa Keriko, shule ya upili ya kutwa katika kijiji cha Pwani, Njoro, kaunti ya Nakuru. Machi 2019, kule Dubai, alitunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Watu wengi walikumbuka hizo dola. Mimi nakumbuka mengine. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja ya mezani, intaneti ya kukatikakatika, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, anarudi nayo darasani na kufundishia bila mtandao. Wanafunzi wake wakafika kuiwakilisha nchi katika maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani.

Kompyuta moja, msomaji. Lakini haikufunikwa leso.

Ndiyo maana naomba familia za mjini, mnaoitwa kila mwaka kuchangia shule za nyumbani, msiende na daftari la fedha peke yake. Nendeni na maswali pia. Haya niliyaandika kando ya mto, na mnaweza kuyakata mkayaweka.

Kwanza, nani ana ufunguo, na uko wapi asipokuwepo? Shule yenye ufunguo mmoja mikononi mwa mtu mmoja haina chumba cha kompyuta, ina sanduku. Funguo ziwe tatu, na mwanafunzi mmoja wa kila darasa awe msimamizi mwenye jina lake ukutani.

Pili, liko wapi daftari la matumizi? Si la mali, la matumizi: tarehe, darasa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, somo, na mashine zilizogoma. Daftari la shilingi mia litakuambia zaidi ya ripoti ya kurasa 50. Na likaguzwe kwa kusomwa, lisihesabiwe tu.

Tatu, nguvu za umeme zinatosha? Hapa wengi hujikwaa. Kompyuta ya mezani na skrini yake inaweza kula wati 150. Kumi ni 1,500, na kwa saa nne ni yuniti sita za stima kila siku. Kipakatalishi hula wati 50 hivi, yaani kumi kwa saa nne ni yuniti mbili tu. Shule ya sola inayonunuliwa kompyuta kubwa za mezani imenunuliwa ng'ombe bila malisho. Betri nazo zina adabu zake. Zile za asidi hazipendi kunyonywa kupita nusu, wala hazipendi joto: kila linapopanda nyuzi kumi juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Kule Tana joto halina mchezo, hivyo betri zikae mahali penye kivuli na hewa, si chini ya bati. Na fedha za kununua nyingine zianze kuwekwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu zitakufa, na tarehe ya kufa inakadirika.

Nne, vumbi na maji. Zile mbili zilizolia na kuzima tulizifungua, na ndani ya feni zake kulikuwa na vumbi la kupandia mahindi. Kupuliza vumbi mara moja kwa mwezi ni kazi ya dakika kumi kwa kila mashine. Kuhusu maji, mto ulifura vibaya mwaka wa 1997, ukafura 2018, ukafura mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Basi soketi ziwekwe juu ukutani, na shule iwe na mpango ulioandikwa: maji yakija, nani anabeba nini, anapeleka wapi.

Tano, mwalimu. Mtambo bila mwalimu aliyeuzoea ni pambo. Lakini usiniambie kwamba mwalimu mmoja alipelekwa semina siku mbili Nairobi. Akihamishwa, je? Wafundishwe wanne, wafundishiwe shuleni pao, kwa mashine zao wenyewe, na katika somo wanalofundisha. Mwalimu wa jiografia anataka ramani ya mto wake, hana haja ya kujua historia ya kompyuta.

Sita, wasichana. Chumba kikifunguliwa jioni tu, na wasichana wanatakiwa bwenini au nyumbani kabla ya magharibi, basi kimefunguliwa kwa wavulana. Tazama majina katika daftari utaliona hili bila kuuliza mtu.

Saba, kupimana. Wanafunzi wapewe jaribio kabla ya muhula na jingine baada yake, katika somo ambalo mashine zinatumiwa. Zikikosa kusaidia, shule ipewe uhuru wa kusema hivyo bila kuogopa wafadhili. Uongo katika jambo hili humwibia mtoto mara mbili: mara ya kwanza muda wake, mara ya pili msaada ambao ungemfaa.

Kwa wanafunzi wanaofanya somo la kompyuta katika KCSE haya si maneno ya kupitisha wakati. Kuna karatasi ya vitendo, na mtahiniwa huketi mbele ya mashine. Aliyeishika dakika moja na nusu kwa wiki atashindana na mwenzake wa Nairobi mwenye moja nyumbani na nyingine mfukoni. Na tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia Gredi ya 10 na kuchagua njia zao, shule ya mashambani isiyoweza kuendesha chumba chake itajikuta inawachagulia watoto njia kwa kukosa, si kwa kipawa.

Turudi kwa jirani yangu. Tulipofika Nairobi watu walikusanyika tena sebuleni. Alisimama akaeleza yote, hata ile ya wageni, na hesabu akaipiga mbele yao. Kisha akapendekeza: tusinunue kompyuta hata moja mwaka huu. Fedha ziende kwa betri mpya, kwa fundi wa kutengeneza zile sita na kurudi kila muhula, kwa diski za masomo, kwa mafunzo ya walimu wanne palepale shuleni, na kwa kufuli imara na madirisha ya vyuma ili mwalimu mkuu alale usingizi. Zaidi ya hayo, wachangaji wamwandikie barua kwamba mashine ikiharibika mikononi mwa mwanafunzi anayejifunza, wao hawatamdai.

Usidhani wote walifurahi. Mzee yule fasaha alikasirika. Alisema, "Sasa siku ya makabidhiano tutakabidhi nini? Tutapigwa picha na betri?" Wawili waliondoka na ahadi zao. Ni kweli, msomaji: vitu vinavyofanya shule iendelee havina sura nzuri katika picha. Hakuna anayemchinjia mbuzi fundi wa kupuliza vumbi.

Lakini mama wa chai hakuondoka. Aliuliza swali moja tu: "Yule msichana aliyesema ni ya wageni, ataruhusiwa kuingia?" Jirani yangu akamjibu, "Hilo ndilo tunalolipia, mama." Akatoa zile 3,000 kutoka kwenye fundo la leso yake, akazihesabu mbele yetu.

Muhula uliofuata, naibu alimtumia jirani yangu picha kwa simu. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la matumizi. Mistari haikunyooka, na mtu alikuwa amemwaga chai pembeni. Jumatatu: kidato cha tatu, fizikia, saa moja, mashine tisa, moja imegoma. Jumanne: kidato cha pili, jiografia. Jumatano jioni yalikuwa majina ya wasichana, kumi na wanne, kila mmoja na sahihi yake.

Kisha Alhamisi na Ijumaa, mstari mmoja tu kwa wino mwekundu: "Stima hakuna. Betri zimekataa."

Jirani yangu alisikitika. Mimi, niseme kweli, mstari huo ulinifurahisha kuliko yote. Kwa miaka mingi stima ilikuwa ikikosekana katika chumba kile na hapakuwa na mtu wa kujua, kwa kuwa kompyuta zilikuwa kumi na mkaguzi aliridhika. Sasa imeandikwa, na likishaandikwa kuna wa kuulizwa. Jumatatu asubuhi tulimpigia fundi.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Na ukialikwa mchango Jumapili hii, toa ulichojaliwa. Lakini kabla hujafunga daftari, ulizia ufunguo.